Mtaa Unaomnyima Mama Usingizi

Mama anayelea watoto penye risasi ana kazi ya pili isiyo na likizo: kulinda. Mtoto akichelewa kurudi kutoka shuleni, moyo unamwenda mbio. Bunduki ikilia usiku, anawahesabu walio ndani kabla hajajua imelia wapi. Mwili unaweza kuhimili hofu ya saa moja. Hofu ikidumu miaka nenda miaka rudi, usingizi unakatika, presha inapanda, na wasiwasi unazaa sonona.

Nchini Marekani hofu hiyo iligawiwa kwa ramani. Katika miaka ya 1930 HOLC, shirika la serikali la mikopo ya nyumba, lilipaka rangi nyekundu mitaa ya Weusi, ikahesabiwa kuwa mibaya kwa mkopo. Mwaka 1962 Chicago ikakamilisha Robert Taylor Homes, nyumba za umma za majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, katika sehemu ileile ambamo Weusi walikuwa wamebanwa tangu zamani. Kisha viwanda vikafungwa, na magenge yakashika ngazi na veranda.

Je, kinachomuumiza mama ni umaskini wake au ni mtaa wenyewe? Mwaka 1994 serikali ilianza jaribio katika miji mitano, Chicago ukiwemo. Familia takriban 4,600 za nyumba za umma, nyingi zikiongozwa na akina mama, ziliingizwa kwenye kura. Baadhi zikapata ruzuku ya kodi ya nyumba ili zihamie mitaa isiyo na umaskini mkubwa. Kama robo tatu walitaja magenge na dawa za kulevya kuwa sababu kubwa ya kutaka kuondoka. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kipato cha watu wazima kilikuwa hakijaongezeka, lakini akili zao zilikuwa zimetulia zaidi kuliko za wenzao wasiopewa ruzuku, na kisukari kilikuwa kimepungua. Binti zao pia walipata nafuu. Wavulana, kwa masikitiko, walizidi kuugua sonona na kiwewe.

Matokeo hayo yanapaswa kumsumbua kila daktari. Vidonge na ushauri nasaha vina kazi yake, lakini jioni mgonjwa anarudi kulekule. Wala si kila mama anaweza kuhamishwa, au anataka kuwaacha ndugu na kanisa lake. Wengine hubaki na kuulinda mtaa: huko Englewood, Chicago, mama mmoja, Tamar Manasseh, aliwakusanya akina mama wenzake mwaka 2015. Wakaweka viti kwenye kona iliyojulikana kwa risasi, wakapika, wakalisha vijana, na majira ya joto yaliyofuata wakarudi tena.