Jina 'sukari' linavyotuficha chanzo cha kisukari

"MZEE ana sukari." "Sukari ya mama imepanda." Ndivyo tusemavyo nyumbani na kwenye matatu. Kisarufi hapana kosa. Hata hivyo, jina hili limewapotosha wengi. Mtu huacha kutia sukari kwenye chai, kisha akaendelea na chapati tatu na viazi karai, akidhani amekwisha kujitibu.

Katika aina ya pili ya kisukari, sukari iliyozidi kwenye damu ni dalili. Chanzo chake kikuu kimo ndani ya seli.

Insulini ni homoni itokayo kwenye kongosho. Baada ya mlo, hufika kwenye seli ya msuli na kushika kipokezi, mithili ya mgeni apigaye hodi. Kipokezi hupasha habari protini iitwayo IRS-1, nayo huamsha vimeng'enya PI3K na Akt. Hatimaye, protini ya GLUT4 iliyokuwa ndani husogea hadi kwenye utando wa seli na kuingiza glukosi.

Je, mambo huharibika wapi? Mafuta yakizidi kiasi ambacho mwili unaweza kuhifadhi panapostahili, hujirundika kwenye misuli na ini. Watafiti wengi hueleza kwamba molekuli za diasiligliseroli zitokanazo na mafuta hayo huamsha vimeng'enya vya PKC, ambavyo huvuruga ujumbe wa insulini. Isitoshe, tishu za mafuta zilizozidiwa hutoa kemikali kama vile TNF-alfa, ambayo huzidisha hitilafu iyo hiyo. Hodi inapigwa, mlango haufunguki. Ini nalo huendelea kumwaga glukosi kwenye damu. Kongosho huongeza insulini mwaka baada ya mwaka, hadi likalemewa.

Hali hii huitwa 'ukinzani wa insulini' au 'usugu wa insulini'. Hapa pana utata. Kihusishi 'wa' hakibainishi nani anamkinza nani. Msomaji anaweza kudhani insulini ndiyo sugu, kama tusemavyo 'usugu wa viini'. Kumbe anayekinza ni seli! Naona 'ukinzani dhidi ya insulini' ni bora zaidi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mnamo 1936, daktari Mwingereza Harold Himsworth alionyesha kuwa wapo wagonjwa ambao miili yao huitikia insulini vyema, na wengine ambao haiitikii ipasavyo. Hawa wa pili, kwa kiasi kikubwa, ndio tuwaitao leo wagonjwa wa aina ya pili.

Habari njema ni kuwa msuli unaofanya kazi husogeza GLUT4 bila kungoja insulini. Kwa hivyo, mwenye 'sukari' asiishie kwenye kikombe cha chai. Atembee, apunguze uzani ikiwa umezidi, apime wanga kwenye sahani, wala asiache dawa bila kauli ya daktari.