Mpira Usiosubiri Mguu wa Bandia

Mtu aliyekatwa mguu, akirudi kwao Nshamba katika vilima vya Muleba, huwa na kadi ya kliniki, magongo mawili na ahadi ya mguu wa bandia. Ahadi hiyo haitimii upesi. Kigutu sharti kipone na uvimbe wake upungue, na safari ya Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi, ina nauli yake. Wakati wa kusubiri nyonga hukakamaa, uzito huongezeka, na kijana aliyekuwa akicheza mpira kila jioni hugeuka mtazamaji.

Upo mchezo usiomdai mguu huo. Soka la watu waliokatwa viungo huchezwa bila mguu wa bandia kabisa. Kila upande una wachezaji 7: 6 wa ndani, wenye mguu mmoja na magongo, na kipa mwenye mkono mmoja asiyeruhusiwa kutoka katika eneo lake. Kuucheza mpira kwa gongo au kwa kigutu kwa makusudi ni kosa, kama vile kuunawa. Timu ya taifa, Tembo Warriors, ilicheza Kombe la Dunia mjini Istanbul, Uturuki, mwaka 2022, ikafika robo fainali.

Istanbul ni mbali na Nshamba, na hatua ya kwanza ya njia hiyo imo mikononi mwa mhudumu wa afya. Kadi ya kliniki huandika dawa na tarehe ya kurudi. Ni nadra kuandika kwamba mgonjwa anaweza kucheza. Sentensi hiyo moja, ikifikishwa kwa mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, ina uzito kuliko nasaha nyingi.

Kabla ya kuiandika, ngozi ya kigutu ikaguliwe: isiwe na kidonda wala malengelenge. Magongo ya kwapani hayafai uwanjani, kwani mchezaji akiyaegemea hubana mishipa ya fahamu na mkono huweza kufa ganzi. Yanayofaa ni yale yanayoshikwa kiganjani na kuzunguka mkono chini ya kiwiko. Mpira wa kwenye ncha ya gongo ukilika, ubadilishwe, hasa msimu wa mvua, ambao Kagera si mfupi. Aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari apimwe sukari kabla ya mazoezi, na mguu uliobaki ukaguliwe kila siku, hata katikati ya vidole. Huo ndio ulio hatarini sasa.

Kata moja haitapata wachezaji 12 wenye mguu mmoja, wala haihitaji. Watatu wanatosha kuanza, wakichanganyika na wenzao wenye miguu miwili ambao nao watashika magongo na kukunja mguu mmoja nyuma. Mazoezi yawe ya dakika 10 kila kipindi, si zile 25 za mashindano. Wenye miguu miwili ndio watakaoomba mapumziko kwanza.