Mzee Anayeishi Peke Yake na Mlango wa Halmashauri

Katika ziara zetu za diakonia kwenye vijiji vya pwani, kuanzia Msimbati hadi Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma, swali tunaloulizwa sana na wazee si la dawa. Wanauliza, "Nani atanipeleka?" Watoto wako Dar es Salaam, kijana wa jirani amekwenda dago, wajukuu wako shuleni. Mzee anakaa na barua ya rufaa siku tatu, nne, akisubiri mtu wa kumsindikiza. Wengine barua inachakaa kabla mtu huyo hajapatikana.

Upweke wa namna hii sasa unatambuliwa kuwa ni suala la afya. Tume iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 ilitoa taarifa yake Juni 2025, ikikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo takribani 871,000 kwa mwaka vinahusiana nao. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia jambo hilo mwaka 2018. Sisi hatuna waziri wa upweke, na pengine hatumhitaji. Tunaye Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri, na shughuli zake zinasimamiwa na madiwani tuliowachagua wenyewe. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujui mamlaka ya madiwani hao yanaanzia wapi na yanaishia wapi.

Mabadiliko ya hospitali yamelifanya jambo hili kuwa gumu zaidi. Kuanzia mwaka 2018 hospitali za rufaa za mikoa, Ligula ikiwemo, zilihamishwa kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya. Kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo, ikaanza kutoa huduma mwaka 2021 na kufunguliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023. Hili ni jambo la kumshukuru Mungu. Wagonjwa waliokuwa wakisafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Muhimbili sasa wengi wanatibiwa hapa hapa Mtwara. Lakini hospitali zote mbili haziko chini ya Halmashauri. Kliniki ikihamishwa kutoka jengo moja kwenda jingine, au siku ya kliniki ikibadilishwa, diwani anaweza kufikisha kilio cha watu wake ila hana uwezo wa kuamuru. Malalamiko hayo yapelekwe kwa uongozi wa hospitali yenyewe, na kwa mzee asiye na ndugu waoneni kwanza maafisa ustawi wa jamii walioko hospitalini.

Kilicho mikononi mwa Halmashauri ni zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya. Hapo Baraza la Madiwani lina kauli kupitia Kamati ya Elimu, Afya na Maji, ipo Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri, na kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Tungependa kamati hii ya mwisho ifahamike zaidi kuliko zote. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inayoshiriki kupanga matumizi. Kamati ya zahanati ikiamua, huduma ya mkoba inaweza kupima shinikizo la damu chini ya mwembe kijijini, na mzee akapunguza safari za kutafutiwa msindikizaji. Uamuzi wa namna hiyo hauhitaji kusubiri Dodoma.

Lipo pengo moja la kusemwa wazi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Wazee kama wazee hawamo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inazungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, lakini matibabu ya bure hayamlipii mzee nauli wala msindikizaji. Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea Aprili 2016, wakati huo ikiwa Shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa fedha ya aina hiyo mzee wa Msimbati angepata nauli ya kufika mjini.

Vikundi vyetu vya kutembelea wazee vinaendelea, na havibagui. Watu wengi wa pwani yetu ni Waislamu, na kazi hii tunaifanya kwa kushauriana na maimamu. Hata hivyo, vikundi navyo visimamiwe. Anayeingia nyumbani kwa mzee mpweke anaweza kumfariji, na anaweza pia kuondoka na fedha zake za korosho. Ndiyo maana tunataka majina ya watembeleaji yajulikane kwa mwenyekiti wa kitongoji, na taarifa zifike kwa Afisa Ustawi wa Jamii.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, Baraza la Madiwani vivyo hivyo, na vikao vya Baraza viko wazi kwa wananchi. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Atakayeleta hoja yake mwezi Mei atakuta daftari limefungwa. Kwa hiyo tunawaomba makatibu wa sharika watuletee, kabla ya mwisho wa Oktoba, idadi ya wazee wanaoishi peke yao katika kila kitongoji pamoja na jina la zahanati iliyo karibu nao. Majina ya wazee yabaki usharikani.