Taka za Sumu: Kupanga ni Nusu ya Busara

Tukisikia taka za sumu, wengi wetu hufikiria mapipa yaliyo nyuma ya kiwanda. Mpango wa kuzipunguza hauanzii hapo. Unaanzia stoo, kwenye kemikali inayonunuliwa.

Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1989. Kiwanda kinachotumia kemikali za sumu kwa wingi hutakiwa kuandaa mpango na kuupitia upya kila baada ya miaka miwili. Kwanza kinahesabu: kemikali kiasi gani imeingia, kiasi gani imo ndani ya bidhaa, kiasi gani imegeuka taka. Kisha kinatafuta njia mbadala na kulinganisha gharama. Kwa mfano, grisi kwenye vyuma ilikuwa ikiondolewa kwa triklorethilini, kemikali inayosababisha saratani. Viwanda kadhaa vimehamia kwenye visafishio vya maji.

Lakini sheria hiyo inalazimisha kupanga tu, hailazimishi kutekeleza. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafakari njia, kuamua iliyo bora, na kuamuru itekelezwe. Hilo la tatu ndilo kuu.

Mara nyingi hesabu yenyewe humsukuma mwenye kiwanda, kwa kuwa taka ni malighafi aliyoilipia. Lakini je, sumu ikiwa rahisi kuliko mbadala wake? Hapo inabaki dhamiri, kwa maana anayevuta mvuke ule ni mfanyakazi, jirani yetu. Ndugu msomaji unayefanya kazi kiwandani, ukioneshwa mpango, uliza: nani ataamuru utekelezwe, na lini?