Valvu za Moyo Huanza Kuharibikia Kooni

Valvu nne za moyo zina kazi moja: kuipitisha damu mbele na kuizuia isirudi. Zikiugua, ama hukakamaa na kuwa nyembamba hadi damu ipenye kwa shida, ama hushindwa kufunga sawasawa na damu ikavuja kurudi nyuma. Ulaya na Marekani mgonjwa wa kawaida ni mzee ambaye valvu yake ya aota imeganda chokaa kwa umri. Kwetu Afrika Mashariki mara nyingi ni kijana, pengine mama mjamzito anayetweta akipanda ngazi chache, na chanzo ni maumivu ya koo ya utotoni. Ndiyo maana nashikilia kwamba valvu nyingi zitaokolewa na penisilini ya zahanati kuliko kisu cha daktari bingwa.

Bakteria aitwaye streptokoka kundi A hushambulia koo la mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15. Asipotibiwa, wiki mbili au tatu baadaye kinga ya mwili huweza kugeukia viungo na moyo wake mwenyewe: hiyo ni homa ya baridi yabisi. Magoti yaliyovimba hupona bila alama, lakini valvu hubaki na kovu, na kila shambulio jipya huongeza jingine. Mtoto anaendelea kucheza mpira. Hata stetoskopu huweza isisikie kitu katika hatua hii. Kipimo cha eko, kinachotumia mawimbi ya sauti, ndicho huliona kovu mapema.

Je, kuliona mapema kunasaidia? Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2022 ulifuatilia watoto na vijana 818 wenye dalili za awali zilizoonekana kwa eko. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini kila baada ya wiki nne, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Mpinzani atasema, na ana haki, kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wasiochomwa hawakuzidiwa. Kweli, ni takriban watoto 13 au 14 kuchomwa ili mmoja anusurike. Lakini hakuna anayeweza kumtaja mmoja huyo mapema kwa uhakika, na gharama ya kumkosa ni kubwa.

Wengine watauliza: si sasa tunapasua moyo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete? Tunapasua, na wenye valvu zilizokwisha kuharibika wanahitaji upasuaji huo, au puto la kutanua valvu iliyobana. Ila valvu ya chuma humfunga mgonjwa kwenye warfarini maisha yake yote, na vipimo vya damu visivyokoma, na dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Valvu ya ng'ombe au nguruwe huchakaa upesi zaidi kwa kijana.

Imebaki hofu ya sindano yenyewe. Mzio mkali upo, lakini ni nadra. Baadhi ya vifo vinavyolaumiwa penisilini huenda vinatokana na moyo dhaifu kushindwa kuhimili mshtuko na maumivu ya sindano. Kwa hiyo mwenye valvu zilizoharibika vibaya huweza kupewa vidonge vya kila siku badala ya sindano.