Milimita 67 za Kidatu

Je, wajua kwamba Dar es Salaam ina reli za mapana matatu, na kwamba treni ya reli moja haiwezi kupita juu ya nyingine? Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina milimita 1,067. Reli mpya ya umeme, SGR, iliyoanza kupeleka abiria Morogoro Juni 2024, ina milimita 1,435. Kipimo huchukuliwa kwa ndani, baina ya nyuso za vyuma viwili zinazotazamana.

SGR utaitambua kwa macho. Lakini kati ya Reli ya Kati na TAZARA kuna milimita 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja, na nafasi hiyo ndogo imezitenga reli mbili za nchi moja kwa miaka yote hii. Ili kuelewa kwa nini, tutazame gurudumu.

Magurudumu mawili ya treni yamekazwa kwenye ekseli moja na huzunguka pamoja. Gari likikata kona, gurudumu la nje huzunguka mara nyingi zaidi kuliko la ndani. La treni halina uhuru huo, na bado treni hupinda. Siri iko kwenye uso wa gurudumu, ambao haukuchongwa bapa bali mshazari: ni mnene upande wa ndani, mwembamba upande wa nje. Treni ikiingia kwenye kona husogea kidogo kuelekea nje. Hapo gurudumu la nje hukanyaga chuma kwa sehemu yake nene, la ndani kwa sehemu nyembamba, na kwa mzunguko uleule la nje hukata mwendo mrefu zaidi. Ekseli inajigeuza yenyewe, bila usukani. Mimi naona huu ni mmoja wa ubunifu mzuri kuliko wote katika uhandisi.

Ule ukingo wa chuma uliojitokeza upande wa ndani wa gurudumu, ambao wengi hudhani ndio unaoongoza treni, ni kinga ya mwisho. Mlio mkali unaosikika kwenye kona kali wakati mwingine hutokana na ukingo huo kusugua reli. Kazi yote hii hufanyika ndani ya nafasi ya milimita chache. Ziongeze 67, na gurudumu litadondoka juu ya mataruma.

Penye reli mbili za mapana tofauti, mafundi wa nchi nyingi hulaza chuma cha tatu, treni zote zikapita njia moja. Kwetu hilo haliwezekani. Kitako cha chuma cha reli kwa kawaida huzidi milimita 100, kwa hiyo vyuma viwili haviwezi kulala ubavu kwa ubavu katika nafasi ya 67. Ndiyo maana pale Kidatu, mkoani Morogoro, reli hizi mbili zinapokutana, mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine.

Nani alaumiwe? Sioni wa kumlaumu. Reli ya mita moja ilikuwa nafuu: hupinda kwa kona kali na haihitaji kuchimba milima sana. Wajerumani walianza nayo Tanga mwaka 1893, na Waingereza, waliokwisha kuizoea India, wakaitoa Mombasa mwaka 1896 hadi Kisumu mwaka 1901. Kipimo cha 1,067 kilipanda kutoka Afrika Kusini hadi Zambia. TAZARA ilijengwa ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia Rhodesia na nchi ya makaburu, na ilikuwa haki ifuate mabehewa ya Zambia.

Uingereza nayo iliumia. Reli ya Great Western ya Isambard Brunel ilikuwa na upana wa zaidi ya mita mbili, huku wenzake wakifuata 1,435 ya George Stephenson. Mjini Gloucester bidhaa zilishushwa na kupakiwa upya, na Bunge likaingilia kati kwa sheria ya 1846. Hata hivyo reli pana ya mwisho iliondolewa Mei 1892. Wamarekani wa majimbo ya kusini walikuwa wepesi zaidi: kwa siku mbili tu, Mei 31 na Juni 1, 1886, walisogeza chuma kimoja inchi 3 katika maelfu ya kilomita za reli. Inchi 3 ni milimita 76, zaidi kidogo ya tatizo letu. Lakini mataruma yao yalikuwa ya mbao, na mbao hupigiliwa msumari popote. Taruma la zege, kama la TAZARA, hutoka kiwandani mahali pa kufungia chuma pakiwa pameshaamuliwa.

Leo Kenya, Tanzania na Uganda zote zimechagua 1,435 kwa reli zao mpya, na huo ni uamuzi sahihi. Ila upana pekee hautoshi. Treni za SGR ya Kenya, iliyozinduliwa Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, zinatumia dizeli. Za Tanzania zinatumia umeme. Breki, viunganishi vya mabehewa na mifumo ya ishara navyo vinapaswa kuafikiana. Wahandisi na mawaziri wa Afrika Mashariki wakae meza moja sasa, kabla mataruma ya mipakani hayajalazwa.