Malipo Yakikwama, Usitume Mara ya Pili

Ni Ijumaa jioni, steji ya matatu Nakuru. Umelipa nauli ya Naivasha, simu inasema "inashughulikiwa", na makanga anakuangalia tu. Shida iko wapi?

Saa zingine si netiwaki, ni sisi. Mfumo wetu umeandikwa kwa lugha ya Go, na kila malipo yanahitaji muunganisho na hifadhidata. Miunganisho ina kikomo: PostgreSQL, isipobadilishwa, inaruhusu 100. Ni kama madirisha ya benki. Programu ikisoma rekodi kisha isahau kufunga, dirisha linabaki limeshikwa na hakuna anayehudumiwa. Foleni inakua, ilhali seva yenyewe inaonekana imetulia.

Hapo wahandisi wetu hufungua pprof, kifaa cha Go kinachoonyesha kila kazi imesimama wapi ndani ya programu. Wakikuta mamia zinangoja muunganisho, wanatafuta ni wapi kufunga kulisahaulika.

Wewe je? Usitume tena. Angalia ujumbe na salio kwanza, maana ukituma mara mbili unaweza kukatwa mara mbili. Bado kimya? Tupigie ukiwa na kiasi na saa uliyotuma. PIN yako hatutaiuliza.